Ugonjwa wa Mishipa ya Fahamu Unaotangulia Kansere

Katika parokia yetu alikuwako mzee mmoja, mwalimu wa korali kwa miaka zaidi ya ishirini. Jina lake hatulitaji, maana jamaa zake wangali hai. Mwanzoni mwa Kwaresima moja tulimwona anayumba alipokuwa akitoka sakristia. Dominika iliyofuata alipita kati ya mabenchi akilishika kila benchi kwa mkono, kama mtu anayesimama ndani ya mtumbwi. Kitabu cha nyimbo kilimwanguka mara mbili katika Misa moja. Watu wakatazamana. Nanyi mnajua wanachofikiri watu wa kwetu wanapomwona mzee anayumba asubuhi: wanafikiri kasiksi.

Sisi pia tulifikiri hivyo. Tukamwita mbele ya baraza la parokia. Akajibu kwa upole kwamba hanywi, ila miguu yake haisikii tena ardhi. Anakanyaga kama mtu anayekanyaga pamba, na usiku taa ikizimwa hawezi kusimama pasipo kushika ukuta. Tulimsikia, lakini hatukumsikiliza. Kazi ya korali tukampa kijana mwingine, na mzee akaendelea kuja kanisani akikaa benchi la nyuma, karibu na mlango. Wako pia waliosema kwamba amerogwa na mtu aliyeitamani nafasi yake. Miezi saba ikapita. Ndipo kikohozi kikaanza, na damu katika makohozi, na mwanawe akampeleka hospitali ya mji. Mganga akampiga radio ya kifua, akaona uvimbe katika pafu. Lakini mganga yule hakuuliza habari za kikohozi tu. Alimgonga magoti kwa kinyundo, akamwambia asimame na kufumba macho, akamdaka alipokuwa anaanguka. Kisha akamwambia mwanawe: “Magonjwa haya mawili yaelekea kuwa ugonjwa mmoja. Miguu ilitangulia kusema.”

Neno hilo halikututoka moyoni. Tuliuliza, tukasoma, tukaona kwamba mambo hayo yana historia ndefu, na kwamba si sisi wa kwanza tuliomtazama mgonjwa wa namna hii tukakosea. Ndiyo tunayoyaandika hapa.

Kwanza tufahamiane vema. Kila mtu ajua kwamba kansere, ambayo watu wa pwani huiita saratani, hukua mahali pake, halafu husambaa. Ikifika ubongoni au ikiugandamiza mshipa, si ajabu mtu akipooza au akiumwa kichwa. Sisi hatusemi habari hiyo. Tunasema habari ya kansere iliyokaa pafuni au katika titi, pengine ndogo kama punje ya haragwe, ambayo haijagusa ubongo wala uti wa mgongo wala mshipa wowote wa fahamu. Na hata hivyo mishipa inaharibika mbali nayo. Tena mara nyingi mishipa huanza kuugua kabla mtu yeyote hajajua kwamba kuna kansere, miezi mingi mbele, pengine mwaka au zaidi.

Kwamba kansere yaweza kusema mbali na nyumba yake, mmoja wa waliotangulia kulieleza hakuwa mganga wa mishipa ya fahamu. Ni Armand Trousseau, mwalimu mkubwa wa waganga katika hospitali ya Hôtel-Dieu mjini Paris. Mwaka 1865 aliwafundisha wanafunzi wake kwamba mtu asiyejulikana ana ugonjwa gani, damu ikimganda ghafula katika mishipa ya mguu, ukavimba na kuuma, yafaa kumtafutia kansere iliyojificha. Siku ya kwanza ya Januari 1867 Trousseau aliona alama ileile katika mwili wake mwenyewe. Alimwambia mwanafunzi wake Peter kwamba sasa amekwisha, hana shaka tena juu ya ugonjwa wake. Akafa mwezi wa Juni mwaka uleule, kwa kansere ya ndani ya tumbo. Habari hii ni ya mishipa ya damu, lakini tumeiweka mbele kwa sababu iliwafungulia wengine njia: mguu waweza kutoa ushahidi juu ya tumbo.

Miaka ishirini na moja baada ya kifo chake, mwaka 1888, Hermann Oppenheim, aliyefanya kazi katika hospitali ya Charité mjini Berlin, aliandika juu ya mgonjwa wa kansere aliyekuwa na dalili za ugonjwa wa ubongo. Alipokufa walimpasua, wakautazama ubongo, nao ulikuwa mzima machoni pao, hauna uvimbe wala kidonda. Oppenheim hakuficha jambo lile kwa sababu tu halikueleweka. Aliliandika jinsi lilivyo. Mwaka 1890 Mfaransa Auché akaandika juu ya mishipa ya mikono na miguu inayoharibika kwa watu wenye kansere.

Mngedhani kwamba baada ya hapo mambo yalienda mbio. Hayakwenda. Waganga wengi walikuwa na jibu rahisi, na tukisema kweli halikuwa jibu la kipumbavu: mgonjwa wa kansere hukonda, hali chakula, damu yake hupungua, basi ni ajabu gani mishipa yake ikidhoofika? Wengine walisema ni magonjwa mawili yaliyokutana tu katika mwili mmoja, kama wasafiri wawili wanaokutana njia panda. Mwaka 1919 Brouwer wa Uholanzi alieleza habari ya mgonjwa ambaye ubongo wake wa nyuma, yaani ule ubongo mdogo unaopatanisha mwendo wa viungo vyote, ulikuwa umeharibika, naye alikuwa na uvimbe katika nyonga. Haikuwa mpaka mwaka 1938, yeye na mwenzake Biemond, ndipo uhusiano wa mambo hayo mawili ukasemwa waziwazi. Miaka 19 ilipita katikati.

Tufike sasa mwaka 1948, maana hapo tulimkuta mzee wetu.

Derek Denny-Brown alizaliwa New Zealand, akasomea Uingereza, kisha akawa mwalimu wa magonjwa ya fahamu mjini Boston, Marekani. Mwaka huo alitoa habari ya wagonjwa wawili. Wote wawili walipoteza fahamu ya ngozi na ya viungo: hawakusikia wanachokishika, hawakujua miguu yao iko wapi, wakatembea kwa kuyumba. Wote wawili walikuwa na kansere ya pafu. Walipokufa, Denny-Brown alichunguza kwa mikroskopi vile vifundo vidogo vilivyo kando ya uti wa mgongo, kuume na kushoto. Katika vifundo hivyo ndimo zinamokaa chembe zinazopokea habari kutoka ngozini na katika viungo, zikazipeleka ubongoni. Chembe hizo zilikuwa zimekufa. Lakini chembe nyingine, zile zinazoamuru misuli iende, zilikuwa nzima. Na wala hapakuwa na kansere ndani ya vifundo vile.

Tazameni maana yake. Mtu wa namna hii hakupooza. Nguvu anazo; mpe jembe, atalinyanyua. Kinachokosekana ni habari: mguu hauleti tena ujumbe kwamba umefika chini. Kwa hiyo anatembea kwa macho. Mchana anajitahidi, kwa sababu anaitazama miguu yake; akifumba macho au giza likiingia, anaanguka. Ndiyo sababu mganga wa mjini alimfumbisha mzee macho. Ndiyo sababu mzee alituambia habari ya taa na ukuta, nasi tukadhani anatafuta udhuru. Tuliposoma kurasa hizo tulikifunga kitabu, tukakaa kimya kitambo.

Mwaka uliofuata, 1949, waganga wawili Wafaransa, Guichard na Vignon, walitumia jina jipya, paraneoplastiki, maana yake jambo linalokwenda kando ya uvimbe. Jina hilo ndilo linalotumika hata leo. Katika Uingereza mtu aliyelifuatia jambo hili kwa bidii ni Russell Brain, mganga wa London. Na wanaojua Kiingereza watacheka kidogo, kwa sababu jina lake la ukoo maana yake ni Ubongo. Mwaka 1951 yeye na wenzake Daniel na Greenfield walionyesha jinsi ubongo wa nyuma unavyoharibika kwa muda wa majuma au miezi kwa watu wenye kansere. Mgonjwa huanza kuona kizunguzungu, kisha ulimi hauelekezi maneno, kisha mkono unaotaka kushika kikombe unakipita. Hapo tena watu husema amelewa. Mwaka 1965 Brain na mwenzake Norris walitoa kitabu kizima juu ya mambo ambayo kansere huyatenda mbali katika mishipa ya fahamu.

Siku hizohizo ugonjwa mwingine ulikuwa unatafutwa, usio wa ganzi bali wa unyonge. Mwaka 1953 waganga wa Uingereza walieleza habari ya mtu mwenye uvimbe wa pafu ambaye walimpa dawa ya kulegeza misuli ili wamchunguze, na pumzi yake ikakawia sana kurudi, kupita desturi. Misuli yake ilikuwa na kasoro ambayo hawakuijua. Mwaka 1956, katika Mayo Clinic mjini Rochester, Marekani, waganga Lambert, Eaton na Rooke waliwakusanya wagonjwa sita wa namna hiyo. Walikuwa na miguu mizito, walishindwa kuinuka kitini. Edward Lambert alipitisha umeme kidogo katika mshipa akapima jinsi musuli unavyojibu. Jibu la kwanza lilikuwa dogo sana. Lakini alipomwambia mgonjwa akaze musuli kwa nguvu kitambo kidogo, kisha akapima tena, jibu lilikua maradufu na zaidi! Kwa magonjwa mengine ya misuli kazi inachosha. Hapa kazi iliamsha. Ugonjwa huo huitwa hata leo kwa majina ya Lambert na Eaton. Leo inajulikana kwamba wagonjwa wake karibu nusu au zaidi wana kansere, hasa ile ya pafu yenye chembe ndogondogo, ambayo karibu yote huwapata wavuta tumbaku.

Hapa mturuhusu tupite kando kidogo ya njia. Mji ule wa Rochester ulipigwa na tufani kali mwaka 1883, na watu walioumia hawakuwa na hospitali. Mama Alfred Moes, mtawa Mfransisko aliyezaliwa Luxembourg, alimshika mganga mzee William Worrall Mayo asimwache: masista wake watajenga nyumba, yeye na wanawe watatibu. Mzee Mayo hakutaka upesi. Katika siku zile hospitali ilihesabiwa kuwa mahali pa kwenda kufa. Masista walikusanya fedha kidogo kidogo, na mwaka 1889 hospitali ya Saint Marys ikafunguliwa. Katika mji ulioanza hivyo ndimo Lambert alimopima misuli ya wagonjwa wake.

Turudi. Ulibaki ugonjwa wa tatu, nao kwa maoni yetu ndio wenye huzuni kupita yote, kwa sababu haugusi miguu bali akili. Mwaka 1960 waganga wa Uingereza walieleza habari za watu wazima waliobadilika kwa muda mfupi: wakawa na hofu, wakasahau mambo ya jana, wakapata kifafa, wakaona yasiyokuwako. Mmoja wa waliowachunguza ni John Corsellis wa hospitali ya Runwell, hospitali ya wagonjwa wa akili, ambaye aliutazama ubongo wa waliokufa kwa uangalifu uleule ambao wengine wanautumia kwa moyo au ini. Mwaka 1968 yeye na wenzake wakasema neno wazi: ugonjwa huu wa sehemu za ubongo zinazotunza kumbukumbu na hofu unakwenda pamoja na kansere, hasa ya pafu. Fikirini basi ni wangapi kabla ya hapo waliofungiwa katika nyumba za wenye wazimu hata wakafa, na hakuna aliyewatazama kifua.

Lakini kwa nini? Kansere iko pafuni; nani anaiua chembe ya ubongo?

Jibu lilianza kuonekana kati ya mwaka 1964 na 1965, wakati Wilkinson na Zeromski, huko London, walipoona katika damu ya wagonjwa wa ganzi wenye kansere ya pafu vitu vinavyoshikamana na chembe za fahamu. Vitu hivyo ndivyo kingamwili, silaha ambazo mwili hutengeneza ili kupigana na wadudu wa magonjwa. Mwaka 1981 Newsom-Davis, Angela Vincent, Lang na Wray walichukua kingamwili kutoka katika damu ya wagonjwa wa ule ugonjwa wa Lambert na Eaton, wakawatia panya sindano. Misuli ya panya nayo ikawa na kasoro ileile. Hapo shaka ilikwisha. Si njaa, si sumu inayotoka katika uvimbe, wala si bahati mbaya ya kukutana njia panda. Ni mwili wenyewe.

Tueleze kwa mfano wa kwetu. Mwizi ameingia kijijini, naye amevaa koti la buluu. Askari wanapewa amri ya kumkamata mwenye koti la buluu. Wanamtafuta mwizi, na pengine kweli wanamzuia asinenepe. Lakini njiani wanamkuta mwalimu wa shule mwenye koti kama lile, nao wanampiga hata kumwua. Chembe za kansere ya pafu ile yenye chembe ndogondogo hubeba juu yake vitu ambavyo kwa desturi hupatikana katika chembe za fahamu tu. Askari wa mwili wanaviona, wanapandwa na hasira, wanaanza vita. Kansere inapigwa, na mara nyingi kwa wagonjwa hawa inabaki ndogo na ngumu kuonekana. Lakini mishipa ya fahamu, isiyo na kosa lolote, inapigwa pia. Ndiyo maana mishipa hutangulia kuugua, na kansere hufuata kuonekana.

Mjini New York, katika hospitali ya kansere ya Memorial Sloan-Kettering, Jerome Posner na wanafunzi wake walizitafuta kingamwili hizo moja moja. Mwaka 1985 yeye, Francesc Graus na Cordon-Cardo walieleza ile waliyoiita Hu, ambayo ni ya wagonjwa kama wale wa Denny-Brown. Nyingine iliitwa Yo, inayokwenda na kansere ya titi au ya viungo vya uzazi vya mwanamke na kuuharibu ubongo wa nyuma, nyingine Ri. Majina hayo ya ajabu si maneno ya Kilatini. Ni herufi mbili za mwanzo za majina ya wagonjwa ambao kingamwili hizo zilionekana kwanza katika damu yao. Sisi tumeona vema kwamba katika elimu inayopenda kutaja majina ya waganga, hapa angalau nusu ya jina la mgonjwa imebaki.

Kutokana na kazi hiyo mganga mwenye vyombo aweza kuchukua damu kidogo ya mtu anayeyumba, akajua siyo tu kwamba kuna kansere inayowezekana, bali pia mahali pa kuitafuta. Asipoiona mara ya kwanza, haachi. Kwa wale wenye dalili kubwa, mashauri yaliyotolewa na mabingwa mwaka 2021 ni kutafuta tena kila baada ya miezi 4 hadi 6, kwa muda wa miaka 2. Maana mwizi yuko; hajaonekana tu. Na dawa ya kwanza ni kuitibu kansere yenyewe, pamoja na kuwatuliza askari kwa dawa. Lakini hapa kuna neno gumu: chembe ya fahamu iliyokufa haifufuki. Kwa wagonjwa wa Hu na wa Yo tiba mara nyingi huzuia ugonjwa usiendelee, wala hairudishi yaliyopotea. Aliyefika mapema akitembea, ataendelea kutembea. Aliyefika amelala, mara nyingi hubaki amelala. Miezi saba, tukikumbuka hesabu yetu, ni mingi.

Si wote wenye fungu hilo zito. Mwaka 2005 na tena 2007, Josep Dalmau, mzaliwa wa Katalonia aliyefanya kazi Philadelphia, alieleza ugonjwa wa wanawake vijana. Katika habari ya 2007 walikuwa 12, wenye umri wa miaka 14 hadi 44. Walianza kama watu wenye wazimu: walipiga kelele, waliogopa watu wa nyumbani mwao, walisema peke yao, halafu kifafa, midomo na mikono kucheza yenyewe, kisha kunyamaza kabisa na pumzi kupungua. Karibu wote walikuwa na uvimbe katika viungo vya uzazi, namna ya uvimbe ambao ndani yake mnaweza kuwa na nywele, meno, na hata nyama ya ubongo. Uvimbe huo mara nyingi si kansere mbaya, lakini ile nyama ya ubongo iliyomo huwachokoza askari. Kingamwili za ugonjwa huu hazizami ndani ya chembe. Hukamata milango iliyo juu yake tu. Zikiondolewa, chembe ingali hai. Mwaka 2013 ilitolewa hesabu ya wagonjwa 577 wa ugonjwa huu, wengi wao hawana uvimbe wowote. Na kati ya wale waliofuatwa kwa miaka 2, karibu 8 katika kila 10 walikuwa wamepona au wamepata nafuu njema. Wasichana waliokuwa wamefungwa kitandani walirudi shuleni!

Tunajua mnachofikiri. Mmemkumbuka binti fulani wa kijiji fulani, aliyeombewa usiku kucha, akafungwa kamba, akapewa dawa za mfumu, akafa, na bibi yake akaambiwa kwamba ndiye mchawi. Hatuwezi kusema alikuwa na ugonjwa gani; malaria ya kichwa na malale huweza kufanya hivyo pia. Tunasema tu kwamba sala haimkatazi mtu kumpeleka binti hospitali siku ileile, na kwamba bibi hakustahili kufukuzwa.

Lakini tusiwatie hofu bure. Jambo hili ni haba: kati ya watu mia wenye kansere, hata mmoja hatimii anayelipata. Anayeamka na ganzi mkononi kwa sababu aliulalia asidhani amekwisha. Katika nchi yetu ganzi na unyonge wa miguu vina sababu nyingine nyingi zilizo karibu zaidi: ugonjwa wa sukari, ukoma, virusi vya Ukimwi, pombe ya miaka mingi, njaa ya vitamini. Hata dawa moja ya kifua kikuu huleta ganzi ya miguu, na ndiyo sababu wagonjwa hupewa vitamini B6 pamoja nayo. Kuna na konzo, jina la Wayaka, maana yake miguu iliyofungwa, ambayo mganga Trolli aliieleza huko Kwango mwaka 1938. Hiyo hutoka katika muhogo mchungu usiolowekwa vya kutosha, na hukaza miguu kwa ghafula. Mengi ya hayo yana dawa au kinga, na hiyo ni sababu nyingine ya kutokaa nyumbani.

Yanayopaswa kumsukuma mtu aende upesi ni haya: ganzi au kuyumba au kusahau kulikoanza bila sababu na kunakoongezeka juma kwa juma, hasa kwa aliyepita umri wa miaka 50, aliyevuta tumbaku, anayekonda pasipo kujua kwa nini, au mwanamke aliyeona uvimbe katika titi. Kupima zile kingamwili hakuwezekani katika hospitali nyingi za kwetu. Lakini kinyundo kipo, na radio ya kifua ipo katika miji, na mkono wa mwuguzi unaoweza kupapasa titi au tumbo upo hata katika vituo vya afya vya mlimani. Denny-Brown naye mwaka 1948 hakuwa na kipimo cha damu.

Mzee wetu alirudi nyumbani kutoka mjini mwanzoni mwa Novemba. Uvimbe ulikuwa umekwisha kuwa mkubwa, na hospitali ilimpa dawa za kupunguza maumivu. Tulimwendea pamoja na mwenyekiti wa baraza la parokia. Tulimkuta ameketi juani mbele ya mlango, amefunikwa blanketi, akiitazama mikono yake. Tukamwomba radhi kwa ajili ya siku ile ya baraza, na kwa ajili ya benchi la nyuma. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza korali wanajifunza nini kwa ajili ya Noeli. Tukamwambia. Akasema anawasikia kutoka pale nyumbani jioni, upepo ukivuma kutoka misioni, na kwamba sauti ya pili wanaikimbiza mno.